Mchanga wa Sebuleni

Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ili mchanga wa mito yake usisombwe ovyo. Fundi aliyekarabati bomba langu hapa Wote ni raia mwema: hakuondoka na hata chembe. Mchanga wote kauacha Wote, chini ya kochi langu, pamoja na vipande vya vigae na kitako cha sigara. Nilipomwonyesha ufagio, alinitazama kama niliyemwomba anifulie. "Mama, mimi ni wa bomba. Ya kufagia ongea na mwenye nyumba." Mwenye nyumba yuko Nairobi, simu yake hupatikana tarehe tano tu.

Dada yangu anapanga Kitui mjini. Fundi wake alinawa saruji kwa mtungi mzima wa lita 20, maji ya kununua, kisha akauliza kama kuna chai.