Namna ya Kuzika Maarifa ya Ofisi Bila Kushika Jembe

Umekabidhiwa kazi ya kupanga nyaraka za ofisi kwenye mfumo mpya wa kompyuta? Hongera. Fuata mwongozo huu, na hakuna atakayepata anachokitafuta.

Anza na folda. Ziunde zote kabla hujaandika hata ukurasa mmoja, folda ndani ya folda, kila moja kwa jina la idara itakayovunjwa mwakani. Ripoti ya visima vya Tanga iingie wapi: “Maji”, “Miradi” au “Tanga”? Usiumize kichwa, weka nakala kotekote. Baada ya miezi michache nakala hizo zitakuwa na takwimu tatu zinazopingana, na kikao cha bajeti kitachangamka.

Akitokea mjuaji akakutajia Niklas Luhmann, mkatize. Mwanasosholojia huyo wa Bielefeld, Ujerumani, alifariki mwaka 1998 akiacha kadi za karatasi zipatazo 90,000, na wala hakuzifungia kwenye mada. Kila kadi ilipewa namba yake ya kudumu. Wazo lililochipuka kwenye kadi 9/8 liliandikwa kwenye 9/8a na kupangwa nyuma yake, pamoja na namba za kadi za mbali zinazohusiana nalo. Faharasa yake ilitaja kadi chache tu kwa kila neno; ukishaingilia hapo, kadi moja ilikupeleka kwa nyingine. Kwa utaratibu huo aliandika vitabu kwa makumi. Wewe umeajiriwa kuandika vitabu?

Kwenye viungo, usiwe bahili. Unganisha kila neno na kila ukurasa, wala usiseme kwa nini. “Tazama pia” inatosha. (Ukurasa wenye viungo themanini, kwa kweli, hauna hata kimoja, lakini hilo libaki kati yetu.) Ukibadilisha jina la ukurasa, usiache elekezo kutoka jina la zamani. Waandishi wa Wikipedia huliacha ili msomaji asipotee njia. Huko ni kumdekeza.

Lebo nazo kila mtu ajitungie: “posho”, “Posho”, “posho-safari”, “marupurupu”. Mhasibu atajijua.

Mwisho, andika maelekezo ya kutumia mfumo na uyahifadhi ndani ya mfumo wenyewe. Nywila iweke humohumo.