F Haisimami

Zamani herufi ilikuwa na kazi. Ukiiona ukutani, ujue ina neno na wewe. X nyekundu ilimaanisha anza kutoa vyombo, barabara inapita sebuleni. "Nyumba hii haiuzwi" ilimaanisha humo ndani kuna ndugu hawasalimiani. Herufi za rangi mgongoni mwa dawati zilimaanisha ukilivunja, mwalimu anajua pa kukutafuta. Siku hizi herufi inakaa juu ya kabati imependeza, haisemi lolote, na imekula hela ya mboga.

Mke wa kijana wangu mkubwa alinipigia simu na shikamoo ndefu kuliko kawaida. Mtu mzima ukisikia shikamoo imevutwa namna hiyo unatafuta kiti kwanza.

"Baba, mjukuu wako anatimiza mwaka. Naomba tumtengenezee herufi ya kwanza ya jina lake, ya mbao, tuipambe kwa karatasi na rangi. Mikono yako wewe ni ya kifundi."

Ufundi wangu mara ya mwisho ulionekana kwenye bawaba za banda la kuku. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemwambia mgongo unauma, lakini mkwe hakataliwi. Hiyo "tuipambe" nayo nilikuja kuielewa baadaye: mimi napamba, yeye anapiga picha.

Nikaenda Kariakoo. Herufi za mbao zipo, zimetundikwa kwenye vijifuko. A na M zimekwisha, na sishangai, nchi ya kina Asha, Amina, Mariamu na Mohamedi ulitaka zibaki? F nayo hakuna. Zilizojaa ni Q na X, herufi ambazo alfabeti yetu haina hata habari nazo, zimepangwa safu nzima zinamsubiri mtoto atakayezaliwa na wazazi wajasiri. Muuzaji akanishikisha E. "Mzee, chukua hii. Hicho kijiti cha chini unakata tu, F hiyo." Alisema huku akinitazama usoni bila haya.

Ikabidi niende Keko kwa maseremala. Fundi mmoja alikuwa na kipande cha MDF cha milimita 18 kilichobaki kwenye kabati la mtu. Akauliza F ni ya duka la nini. Nikamweleza ni ya mtoto wa mwaka mmoja. Akaweka penseli sikioni. "Kwani mtoto anajua kusoma?" Ndiye mtu pekee mwenye akili niliyekutana naye katika shughuli hii yote.

Alipomaliza kuikata akaisimamisha mezani, ikaanguka. Akaisimamisha tena, ikaanguka upande uleule. F ina mguu mmoja, na mikono yote miwili imeinyoosha kulia. A inasimama, H inasimama, M ina miguu ya kutosha. Wazazi wanapochagua jina wanaangalia babu wa nani alikuwa mkorofi, hawaangalii herufi itasimamaje. Fundi akaipigilia kitako chini, na kitako kikalipiwa peke yake.

Nyumbani nikaanza na msasa, namba 120 halafu 220. Mama watoto akanihamishia uani kwa sababu vumbi la MDF lilikuwa linaelekea kwenye unga wa maandazi. Ikaja rangi ya kwanza. MDF usoni haina shida, ila kingo pale msumeno ulipopita zinakunywa rangi. Unapaka, unageuka kuitikia salamu ya jirani, ukirudi pamekauka na panadai nyingine. Nilizipaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa maji, zikaziba vinywa, ndipo rangi ikakubali kukaa.

Karatasi ya maua mkwe aliichapisha steshenari. Ili ikae sawa unalaza karatasi kifudifudi, na F nayo unailaza kifudifudi juu yake, ndipo unachora. Ukifanya kinyume, F yako inatazama kushoto. Wenye A na M hawaijui adha hii. Basi, ilipoguswa na gundi mbichi, wino wa yule bwana wa steshenari ukaanza kutiririka, waridi likashuka hadi kwenye kitako. Tukabandua. Ikatafutwa karatasi ya kufungia zawadi, nikaisukuma kwa kadi ya benki iliyokwisha muda ili hewa itoke. Mama watoto akapita na beseni. "Mbona imefura?" Ndiyo mchango wake.

Kuona nanuna, mkwe akanisomea kwenye simu habari za Mary Delany, bibi wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyeanza kukata karatasi na kubandika maua akiwa amevuka miaka 70. Akatengeneza karibu 1,000, na leo yamehifadhiwa British Museum, London. Vizuri sana. Lakini yule alikuwa mjane aliyekuwa akikaribishwa kwa Duchess of Portland, tajiri hasa. Ameshika mkasi pale, nani angemtuma gesi?

Ikabaki stensili. Kwangu mimi stensili ni mtihani: karatasi ya nta, taipu iliyotolewa utepe, mashine ya kudurufu, na mwalimu mwenye wino hadi kwenye viwiko. Hii ya sasa ni ya plastiki, ina nyota. Sifongo linatakiwa liwe karibu kavu. Unalichovya kidogo, unalifuta kwenye gazeti, halafu unadonoa wima bila kuburuta, la sivyo rangi inapenya chini ya plastiki. Niliyasema hayo yote kwa sauti. Kijana wangu, mwenye shahada, akalizamisha sifongo zima kwenye kopo na kulikandamiza. Tulipoinua plastiki, nyota zilikuwa na miguu kama buibui. Mkewe akasema zimependeza, zina ubunifu. Nikafuta, nikarudia mwenyewe. Nikamaliza na vanishi ya maji, maana ile ya mafuta inaigeuza rangi nyeupe kuwa njano.

Siku ya sherehe F ikawekwa mezani karibu na keki. Ikapigwa picha kuliko mtoto. Wakwe wakafika na vitenge vyao vya sare, na bibi mzaa mama akaisogelea F, akavaa miwani, akaivua.

"Hii F ya nani?"

Kwao mtoto anaitwa kwa jina la marehemu mama yake huyu bibi, na jina hilo linaanza na M. Meza nzima ikawa kimya. Kijana wangu akagundua ghafla kwamba soda hazijapoa, akaondoka. Mkwe akanigeukia taratibu, mikono ameikunja mbele, akaanza upya kwa shikamoo, na asubuhi alishanipa.

"Baba, ile mbao ya Keko ilibaki?"