Kwako Inapiga Kazi, Mbagala Inagoma: Mwongozo wa Fundi Programu

Umeandika programu ya mauzo ukiwa Kijitonyama, Kinondoni, kwenye Ubuntu, ukaikompaili kwa MinGW ili itumike kwenye Windows. Umevuka jiji hadi Mbagala Rangi Tatu, Temeke, kwa mwenye duka la jumla. Amebofya, imegoma: libstdc++-6.dll haionekani.

"Fundi, vipi tena?"

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na programu yako imetoka nyumbani imevaa laibrari za kuazima. Fuata hatua hizi.

1. Usisingizie umeme, virusi wala joto la Dar. Soma ujumbe wote. Kompyuta imeshakutajia kinachokosekana. Mganga wa nini?

2. Usiokote DLL kwenye tovuti usiyoijua, itakuletea wageni usiowaalika. Rudi kwenye mashine yako, endesha objdump -p, usome kila "DLL Name". Za Windows yenyewe, kama KERNEL32.dll, ziache. Za MinGW ziweke folda moja na faili la .exe, au kompaili upya kwa -static ziingie ndani ya programu.

3. Angalia biti. Programu ya biti 32 haipakii laibrari ya biti 64, hata uibembeleze mpaka adhana ya magharibi.

4. Mteja wa Linux akikuonyesha "GLIBC_2.34 not found", umejengea kwenye mfumo mpya kuliko wake. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, 20.04 ina 2.31. Jengea kwenye mfumo mkongwe kuliko yote waliyo nayo wateja wako. Usithubutu kubandika libc.so.6 yako kwenye mashine yake: hata amri ya ls inaweza kugoma, na hapo utakuwa umeua kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja.

5. Laibrari ipo lakini haionekani? Kwenye Linux ulizia kwa ldd, kwenye Mac kwa otool -L. LD_LIBRARY_PATH ni ya kujaribia tu; usimkabidhi mteja akariri. Weka rpath ya $ORIGIN/lib, laibrari zisafiri na programu.

6. Kabla ya kupanda gari, jaribu kwenye kompyuta isiyo na kompaila wala zana zako.

Programu inayofunguka kwa fundi peke yake haijakamilika. Usidai pesa iliyobaki mpaka ifunguke dukani kwa mteja.