Tufungieni Lebo Nasi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ajira na Kazi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Sisi hatujambo, kwa kadiri mtu aliyekimbia vita na godoro kichwani anavyoweza kuwa hajambo. Tunajua Kinshasa mna shughuli nyingi, kwa hiyo hatuandiki kuomba kazi, tungekukosea adabu. Ombi letu ni dogo. Tunaomba tuhesabiwe kuwa madini.

Usishtuke, Mheshimiwa. Tumelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, maana muda ndio mali pekee ya mtu asiye na kazi. Gunia la coltan likitoka shimoni kwa njia halali, ofisa hufika na mizani. Hulipima, huandika daftarini limetoka wapi na siku gani, kisha hulifunga lebo yenye namba yake peke yake. Likifika kwa mfanyabiashara hufungwa lebo ya pili. Likitaka kuvuka mpaka, hupewa cheti cha nchi za Maziwa Makuu, na mnunuzi wa ng'ambo ambaye hajawahi kuteleza kwenye tope la Rubaya, huku Masisi, husoma karatasi hiyo akaridhika.

Sasa mtazame aliyelichimba. Ana kadi ya mchimbaji, kama aliweza kuilipia, nayo inasema anaruhusiwa kuchimba. Kama anajua kuchimba, haisemi. Ana kadi ya kura inayosema alizaliwa. Akijiandikisha ONEM, ofisi ya ajira iliyoundwa mwaka 2002, hupata kadi ya mtafuta kazi, yaani hati rasmi kwamba hana kazi. Hapo tunakupongezeni kwa dhati: dola imefaulu kuthibitisha kwa muhuri kile tusichonacho.

Msituambie kwamba nchi haina wataalamu wa kuthibitisha. Tuna CEEC, yaani Kituo cha Utaalamu, Tathmini na Uthibitishaji. Kijana akilisikia jina hilo mara ya kwanza hukimbia kutafuta picha mbili za pasipoti, akidhani hatimaye kumepatikana pa kupimiwa ufundi wake. Kumbe ni ofisi ya mawe. Huko hupimwa almasi, dhahabu, bati na coltan. Mtu hapimwi, labda awe amemeza almasi.

Wala msituambie kwamba ni jambo gumu. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zake zieleze madini yao yanatoka wapi. Mwaka huohuo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikadumu hadi Machi 2011. Baadaye lebo zikapanda milima mpaka Rubaya. Dunia ikitaka kujua kitu kimetoka wapi na kina ubora gani, barabara mbovu haiizuii. Umoja wa Mataifa unajua kwamba Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya coltan ya dunia. Bati la Bisie, huku Walikale, lilihesabiwa mwaka 2024 likafika tani 17,324. Mafundi wa Walikale hawajahesabiwa hata kwa makadirio.

Kwa hiyo kijana wetu hushuka Goma, husoma tangazo la kazi lililobandikwa ukutani: diploma, uzoefu wa miaka mitano, Kifaransa fasaha, Kiingereza ni nyongeza nzuri. Naye hukaa chini kuandika CV. Hebu msaidie, Mheshimiwa, maana sisi tumeshindwa.

Alibeba magunia ya kilo 50 kutoka Bisie mpaka Njingala, msituni, kwa miguu, akilipa ushuru kwa kila mwenye bunduki aliyemkuta njiani, na mzigo ukafika. Aandike nini? Tulimshauri aandike "usafirishaji, na mahusiano na mamlaka za eneo". Mwenzake alikuwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Usicheke, mwenye shimo huku huitwa hivyohivyo, na kilima kimoja cha Rubaya kina ma-PDG wengi kuliko bulvadi nzima ya Kinshasa. Lakini PDG wetu akienda kuomba kazi ya ulinzi wa usiku, huulizwa cheti cha darasa la sita.

Yupo pia fundi wa kuweka nguzo shimoni. Kila gogo huligonga kwa mpini wa shoka na kutega sikio: likiitika kavu huliweka, likiitika zito hulitupa hata kama kwa macho ni zima. Punje za udongo zikianza kumdondokea begani, huwatoa watu wote nje, na maelezo hutoa baadaye wakiwa juani. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya sikio lake. Kwenye fomu, mbele ya neno "sifa", aliandikiwa "hana".

Na huko malishoni Masisi, mtengeneza jibini hutumbukiza kiwiko kwenye sufuria ya maziwa na kujua kama joto limefika. Hukata maziwa yaliyoganda, hukamua, hutia chumvi, kisha hugeuza kila duara juu ya ubao, siku baada ya siku, mpaka ganda liwe la manjano. Jibini lake limeliwa mezani Kinshasa, pengine hata kwako. Jibini linajulikana, mtengenezaji wake ni "bila uzoefu".

Usidhani tunataka maajabu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wenzetu tuliowakuta humo wameshaanza. Tanzania, kupitia VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, humpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Uganda humpa kijitabu kinachoorodhesha kazi anazoziweza kwa vitendo. Kenya ilizindua sera yake ya jambo hilo mwaka 2024. Nasi tuna INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, tangu mwaka 1964, mzee kuliko wengi wetu. Tunachoomba ni kwamba mzee huyo apande milima mara mojamoja.

Lakini tuseme ukweli wote, kwa kuwa barua ni ya wazi. Tunaijua karatasi, na tunajua inavyodanganya. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba coltan ya Rubaya, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo Aprili 2024, ilivushwa mpaka na kuchanganywa na ya Rwanda. Jiwe la Masisi hulala upande mmoja likaamka upande wa pili na uraia mpya, bila hata kupanga foleni. Cheti cha ufundi nacho kitauzwa mkikiacha mezani bila mlinzi. Hata leo, anayepata kazi kwa kushikwa mkono hudaiwa "opération retour": kipande cha mshahara hurudi kila mwezi kwa aliyemwingiza. Cheti kikiwa na bei, tutakuwa tumeongeza tu kituo kingine cha ushuru.

Tena, siku hizi muhuri nao una kambi. Tangu Januari 2025 Goma na sehemu kubwa ya Masisi haziko mikononi mwa serikali. Ukishika karatasi ya upande huu, upande ule unakutilia shaka. Februari 2025 wizara mwenzako ya Madini ilivitangaza vilima vyetu vya Masisi kuwa vyekundu, na kisheria gunia la hapo halifungwi lebo. Basi lebo zimebaki bila kazi, kama sisi. Mkikosa bajeti, tumieni hizo.

Tukiweka mzaha kando, Mheshimiwa, tunaomba mambo manne. Watumeni wapimaji wafike kwenye shimo, kwenye malisho na kwenye gereji ya pikipiki, wampime mtu akiwa na kifaa chake mkononi, kwa lugha anayoisema. Kwenye jopo wakae mafundi wazoefu wa kazi hiyohiyo. Mpimwaji asilipe hata franga moja. Na kila anayepewa fedha za umma kujenga barabara au shule huku alazimike kukisoma cheti hicho kabla ya kuleta vibarua kutoka mbali. Ufundi wa nguzo hauna kambi. Aliyepimwa Rubaya au Walikale abaki na cheti chake, kilima kishikwe na yeyote yule.

Anzeni na mafundi wa nguzo. Hao, kila msimu wa mvua unaopita bila kuwatambua, tunawazika.

Sisi watafuta kazi wa Masisi na Walikale