Waraka kwa Mwenye Dhamana ya Hakimiliki

Mheshimiwa,

 Najua una shughuli nyingi, nami nisingethubutu kukusumbua kama jambo hili lisingewahusu vijana wanne: Aslay, Beka, Enock Bella na yule aliyeitwa Maromboso, ambaye leo tunamjua kwa jina la Mbosso.

Naamini unawakumbuka. Walilelewa Temeke, kwenye kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Said Fella, wakawa Yamoto Band. Ilipotoka Nitakupwelepweta, spika za Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, zilikuwa zikipokezana: unauacha wimbo kwenye meza ya viatu, unaukuta kwenye meza ya vitenge. Umri wao ulikuwa mdogo, lakini gitaa lao lilimgusa hata mzee aliyewahi kucheza muziki wa Sikinde kwenye ukumbi wa DDC. Kundi la namna ile halipatikani kila mwaka.

Nakupongeza kwanza kwa sheria. Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 imeandikwa vizuri, na inamwahidi mtunzi malipo kazi yake inaponakiliwa au kutangazwa. Ilipopitishwa, vijana hawa walikuwa watoto wadogo. Ilikuwa na muda wa kutosha kukua pamoja nao.

Mwaka 2013 Serikali ikaleta stika ya ushuru, ibandikwe kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Tukaambiwa jasho la msanii sasa limepata mlinzi, nasi tulifurahi kweli. Ila hapa Kariakoo, Mheshimiwa, CD ilikuwa tayari inaaga. Mteja alikuja na flashi au memori kadi, kijana wa kompyuta akamjazia nyimbo hadi kadi ikagoma, na stika haikuwa na pa kubandikwa. Aliyejaza alilipwa, mwenye fremu alilipwa, mwenye umeme alilipwa. Waimbaji walipata sifa.

Likabaki jukwaa. Fedha ya jukwaa hugawanywa usiku uleule kwa waimbaji wanne, wapiga vyombo na uongozi, na kesho yake hakuna kinachoingia mpaka wapande tena. Kundi linaloishi hivyo linaamka kila asubuhi na sababu ya kuvunjika, maana anayeimba peke yake hagawani na mwimbaji mwingine. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee ya Yamoto kuvunjika. Ya ndani wanayajua wenyewe. Lakini kundi la TMK Wanaume, la Temeke hiyohiyo, lilishagawanyika mwaka 2006, na ofisi yako ilikuwepo ikitazama.

Kufikia 2017 Aslay alikuwa anatoa nyimbo zake mfululizo. Januari 2018 Mbosso akatambulishwa kwenye lebo ya Wasafi. Beka na Enock nao wakashika njia zao.

Vijana wa One Direction wa Uingereza nao waliacha kuimba pamoja mwaka 2016. Hata hivyo, wimbo wao ukipigwa redioni London leo, fedha inamtafuta mtunzi mpaka imfikie. Kundi lilisimama, malipo hayakusimama.

Nakushukuru kwa dhati kwa mirabaha iliyogawiwa Januari 2022, na kwa tozo ya hakimiliki iliyoingia kwenye Sheria ya Fedha ya 2023. Tozo hiyo tuliihitaji sana miaka kumi kabla, flashi ilipokuwa ndiyo duka la muziki. Sasa hata wateja wa flashi wamehamia YouTube.

Ninaloomba ni dogo. Nyimbo za Yamoto zingali zinapigwa. Tafadhali tuambie hadharani: Nitajuta ikipigwa leo, nani analipwa, na kwa mgao gani kati ya wale wanne? Na jina la kundi, kwenye daftari lako, ni mali ya nani? Huko Temeke na Tandale wako vijana wanaoanza kuimba pamoja mwaka huu, nao wangependa kulipata jibu lako kabla hawajaingia studio.

Wako mtiifu,
Msikilizaji, Kariakoo