Bastola ya Mwalimu wa Michezo

Bastola yangu haijawahi kumuumiza mtu, na haiwezi. Mtutu wake ulizibwa kwa chuma tangu kiwandani, moshi wake hutokea juu, risasi zake ni baruti tupu bila kichwa. Kazi yake pekee hapa duniani ni kuwaambia watoto wa shule wakimbie. Tatizo ni kwamba ninaimiliki nikiwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako amri hiyo hutiiwa na watu wengi kuliko walioandikishwa.

Niliirithi kwa mwalimu wa michezo aliyenitangulia, pamoja na filimbi isiyolia na mkanda wa kupimia uliokatika katikati. Ni bastola ya kizamani yenye silinda ya kuzunguka, na maandishi ya ubavuni yamefutika kwa kushikwashikwa. Mzee aliniambia niiheshimu kwa sababu ina ukoo, na kweli unao. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alibuni risasi ndogo ya kulengea shabaha ndani ya nyumba, sebuleni, watu wakiwa na viatu vyao safi. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa bastola yao ya kwanza ya silinda kwa risasi ya jamaa hiyo hiyo. Risasi za namna hii, na zangu ni za ukoo huo, hazina kiwashio katikati ya kitako. Dawa ya kuwashia imejificha ndani ya ukingo, pembeni kabisa, na nyundo huuponda ukingo huo ndipo moto uwake.

Ukishapondwa, basi. Ganda halijazwi tena. Nililipeleka moja kwa fundi wa Kadutu hapa mjini, mtu anayefufua redio zilizozikwa na wenyewe. Aliligeuza, akalichungulia, akanirudishia bila kuniomba hata franka moja. Kwa Kadutu hiyo ni rambirambi.

Na dawa hiyo ya ukingoni, ikikaa miaka mingi kwenye unyevu wa mji unaonyeshewa mvua karibu mwaka mzima, huanza kuwa na fikra zake. Watoto wameinama kwenye mstari, makalio juu, vidole vinatetemeka. Ninainua mkono kwa madaha. Ka! Hakuna kitu. Mmoja anaanguka kifudifudi, wengine wananitazama kwa huruma. Wajuzi wanashauri uichomoe risasi, uizungushe kidogo, ili nyundo ipige upande mwingine wa ukingo, huenda dawa imelala huko. Ushauri mzuri, ila jaribu kuufuata wazazi wakikuangalia na mvua ya saa nane ikishuka kutoka milimani.

Kuibeba nako kuna mambo yake. Siku moja nilipanda moto, yaani teksi ya pikipiki, kutoka mtaa wa Nguba, mpini ukachungulia nje ya mkoba, na kijana aliyeendesha akauona kwenye kioo. Sijawahi kuendeshwa kwa adabu namna ile. Alisimama kwenye njia panda, alipunguza mwendo kwenye mashimo, alimpisha hata mbuzi. Tulipofika nilimlipa, naye akanirudishia chenji kubwa kuliko noti niliyompa, kisha akaondoka kabla sijafungua kinywa. Mke wangu alipousikia mkasa huo alitoa uamuzi wake: kitu hicho kilale kwa bwana prefe, mkuu wa shule yetu, kwenye kabati la mitihani, ama nilale huko nacho.

Prefe alikubali, ila akataka karatasi. Tunayo amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayohusu silaha na risasi, na prefe hakutaka kugombana na mwaka 1985. Tukaandika barua yenye muhuri wa shule, kwa Kifaransa kilichonyooshwa kwa pasi, tukieleza kwamba hiki ni kifaa cha michezo tu. Afisa aliyeipokea aliisoma mara mbili. «Kama si silaha,» akasema, «kwa nini mumeiandikia barua? Na kama ni silaha, barua haitoshi.» Sijawahi kupata jibu. Nadhani hata yeye hakuwa akilitafuta. Alifurahia swali lenyewe.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa madogo mbele ya siku ya mashindano ya wasichana, miaka kadhaa kabla ya mji kutekwa Februari 2025. Nitaje miaka ili msomaji wa mbali asitucheke vibaya. Mji huu ulishatekwa Oktoba 1996, ukatekwa tena Juni 2004, na mtu mzima wa hapa hahitaji kuelezwa afanye nini akisikia mlio. Miguu yake ilishasoma.

Kanuni za riadha zinasema mkimbiaji akichomoka kabla ya wakati, mwanzishaji apige mara ya pili kuwarudisha wote. Waliozitunga bila shaka waliishi mahali pa amani. Nilipiga mara ya kwanza, na kina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo, kwenye ukuta wa shule wakainua vichwa tu. Mlio mmoja Bukavu unaweza kuwa tairi, unaweza kuwa kabini ya umeme iliyochoka. Lakini msichana wa njia ya tatu alikuwa ameiba mwanzo, nami nikapiga mara ya pili.

Milio miwili ni mazungumzo.

Mlinzi alifunga geti akajikuta amebaki nje. Pikipiki zote za barabarani ziligeuka kwa pamoja. Wasichana walipita mstari wa mwisho, wakapita uwanja, wakaenda makwao, na nguo zao za shule tuliwapelekea kesho yake. Aliyesimama ni yule wa njia ya tatu peke yake, kwa kudhani kelele zote zile ni adhabu yake. Mwalimu wa hisabati, mshika saa wetu, alikuwa chini ya meza, na anaapa hadi leo kwamba mama mmoja mwenye beseni kichwani aliwapita wasichana wote bila kumwaga samaki hata mmoja. Kimataifa, mtu akiondoka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mlio anahesabiwa amekisia, hakusikia. Mama yule wangemfuta papo hapo.

Jioni alikuja ofisini.

«Mwalimu, njo weye ulipiga masasi?»

«Si masasi, mama. Ni ya michezo.»

«Bantu bamekimbia na sambaza yangu, habakulipa. Ile nayo ni muchezo?»

Alilipwa kutoka mfuko wa mipira, kwa hiyo muhula ule tulicheza na mpira mmoja, na bastola ikarudi kabatini kwa muda usiotajwa.

Seremala akatuchongea mbao mbili zenye bawaba, za kugonganisha. Zililia vizuri na hakuna aliyekimbia ila waliotakiwa. Washika saa ndio walionuna. Sauti huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika mita 100, ndiyo maana wao huanzisha saa kwa kuuona moshi, hawangoji kusikia. Na mbao hazitoi moshi. Mwalimu wa fizikia akashauri tuzipake unga wa chaki. Tukapaka. Nikizigonga, wingu jeupe linapaa juu ya kichwa changu, saa zinaanza pamoja, nami ninamaliza mashindano nikiwa na mvi ambazo sikuja nazo.

Mwisho wa mwaka mhasibu aliniita nieleze ni vipi somo la mazoezi ya viungo, lisilo na ubao hata mmoja, limemaliza chaki nyingi kuliko hisabati. Nikamwambia tunazo mbili.