Safu ya Mshauri: Kadi za Mkopo, Pointi za Tuzo na Hekima Isiyo na Mpinzani kutoka Likoni hadi Kisauni

Kadi ya mkopo ni kadi ambayo benki humpa mteja ili anunue leo kwa fedha za benki na alipe baadaye, tofauti na kadi ya kawaida ya akaunti, ambayo hukata fedha za mteja mwenyewe papo hapo. Na pointi za tuzo ni sehemu ndogo ya matumizi hayo ambayo benki au duka humrudishia mteja, kwa shilingi, kwa bidhaa au kwa tikiti ya ndege, ili asihamie kwa mshindani. Ufafanuzi huu, ambao wataalamu wengine wangeutandaza kurasa nzima, umetolewa hapa kwa sentensi moja, na msomaji anaombwa kuuona ufupi huo kuwa dalili ya kwanza tu ya kipaji cha Mshauri wa safu hii, ambaye anajulikana Mombasa kuanzia Shika Adabu hadi Mtopanga, na ambaye hata Changamwe, kwa watu wagumu wa kusadiki, huitikiwa salamu.

Barua ya kwanza imetoka Likoni kwa msomaji aliyejiita Mwenye Kadi Tatu, anayeuliza ni ipi kati ya hizo itakayomletea tuzo nyingi zaidi. Swali hilo ni jepesi, na kwa sababu hiyo halina budi kutanguliwa na historia. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka wa 1950, na mwaka wa 1958 Bank of America iliwapelekea kwa posta wakazi wa mji wa Fresno, California, maelfu ya kadi ambazo hawakuziomba. Kadi hizo ndizo zilizokuja kuitwa Visa. Baadhi ya waliozipokea walishindwa kulipa, na benki ilipata hasara kubwa mwanzoni. Lau Mshauri angalikuwepo, angalipendekeza majaribio yafanyike Mtongwe, ambako mtu akiletewa kitu asichokiomba huuliza kwanza kimetumwa na nani na kinataka nini.

Mwenye Kadi Tatu analalamika pia kwamba yeye huvuka feri kila siku kwa miguu na hapati pointi hata moja. Kwa kuwa mwenda kwa miguu halipi chochote kwenye feri ya Likoni, tuzo yake ni nauli yote, na hakuna kadi duniani, hata ile nyeusi ya matajiri, inayorudisha mia kwa mia. Jambo hili halijapata kuandikwa na mchumi yeyote, na Mshauri anaruhusu linukuliwe mradi jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Kuhusu kadi zenyewe, ichukuliwe kwa mfano kwamba nyumba moja hupitisha kwenye kadi shilingi 12,000 kwa mwezi, na kwamba kadi hurudisha asilimia 1. Tuzo ni shilingi 120, yaani 1,440 kwa mwaka mzima, na ikiwa ada ya mwaka ya kadi hiyo ni shilingi 3,000, mwenye kadi anailipa benki ili benki imzawadie. Ubaya zaidi uko kwenye riba: ikiwa ni asilimia 3 kwa mwezi, deni la shilingi 12,000 lililoachwa mwezi mmoja huzaa shilingi 360, na hivyo mwezi mmoja wa kuchelewa hula tuzo za miezi mitatu. Benki nyingi hutoa muda wa kulipa bila riba, ambao hutangazwa kuwa hadi siku 50 hivi, lakini muda huo humfaa tu anayelipa deni lote. Anayelipa kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye taarifa hutozwa riba, na mara nyingi huhesabiwa tangu siku aliyonunua. Anayetoa pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo hutozwa ada papo hapo, hapewi muda wowote, na kwa kawaida hapati pointi. Mjanja hununua vitu vikubwa siku moja baada ya taarifa ya mwezi kufungwa, kwa sababu ndipo siku za kulipa huwa nyingi zaidi.

Kwa asiyeweza kujizuia, dawa aliyoibuni Mshauri ni kuizamisha kadi ndani ya chupa ya achari ya embe, chini kabisa, penye pilipili. Anayeitaka atalazimika kutia mkono, kunawa, kusubiri mwasho upungue na kueleza kwa jamaa zake kwa nini analia, na kufikia hapo duka litakuwa limefungwa. Wapo wanaodai kwamba kadi yenye harufu ya siki hukataliwa na makeshia, na hiyo ndiyo faida ya pili ya dawa hii.

Msomaji ambaye imani yake haimruhusu kula riba wala kuilipa ajue kwamba tangu mwaka wa 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, zikiwemo Gulf African Bank na ile iliyoanza kama First Community Bank, ambayo sasa ni Premier Bank. Hukumu ya kadi yenyewe ni ya masheikh, na Mshauri, ingawa angeweza kuitoa, amewaachia wasije wakakosa la kufanya.

Mama mmoja wa Mlaleo, Kisauni, anayepika mahamri ya kuuza, anataka kujua kadi ya kununulia unga na mafuta katika soko la Kongowea. Hapa inafaa isemwe wazi kwamba hamri lisilotiwa iliki ya kutosha, wala kukandwa kwa tui zito, ni mkate uliofura tu, na kwamba Mshauri huweza kulitambua akiwa amesimama upande wa pili wa barabara, upepo wa kusi ukisaidia; mama huyo alete sampuli, pamoja na mbaazi, kabla jibu lake halijakamilishwa. Kwa sasa itoshe kusema kwamba wauzaji wengi wa sokoni hutaka pesa mkononi au M-Pesa, na kadi ya benki pale ni pambo. Pointi za mama ziko kwenye simu: mpango wa Bonga wa Safaricom, ulioanza mwaka wa 2007, umekuwa ukihesabu pointi 1 kwa kila shilingi 10 za muda wa maongezi zinazotumika, na Aprili 2020, wakati wa korona, pointi moja ilipokewa madukani kwa senti 30, kwa hivyo aliyekuwa amezungumza kwa shilingi 10,000 aliweza kununua unga wa shilingi 300. Hiyo ni asilimia 3, na mabenki hayapendi kulinganishwa nayo. Hata hivyo anayezipata kwa kukopa kwa Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, amejidanganya, kwa kuwa mkopo huo una ada ya asilimia 1 mwanzoni na kisha ada ya kila siku, ingawa tangu Oktoba 2022 usiozidi shilingi 1,000 husamehewa ada ya kila siku kwa siku tatu za kwanza.

Pointi si za kuwekewa wajukuu. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyoanzia Nakuru kama duka la magodoro na kupanuka hadi Nyali, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Pointi zilizobaki kwenye kadi zake zikakosa duka. Mwishoni mwa 2022 Safaricom nayo ilitangaza kwamba pointi zilizopita miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023, kisha ikaahirisha mpango huo.

Dereva wa Changamwe anayeuliza kuhusu mafuta ajue kwamba bei ya juu kabisa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo vituo vya mji mmoja hukaribiana bei, na tofauti iliyobaki ni pointi na usafi wa choo.

Nafasi imekwisha, kwa sababu wasomaji wameuliza mengi mno. Mwenye Kadi Tatu arudishe mbili, abaki na ile isiyo na ada ya mwaka, na aiagize benki ikate deni lote kila mwezi kutoka akaunti ya mshahara. Mama wa Mlaleo atumie pointi zake kabla ya Idi. Dereva ajaze mafuta. Barua za wiki ijayo ziandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na sifa za Mshauri zitangulie swali.